Bibi ndo amenilea, nibebe jina lake?

Mwanangu wa Arua, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema una miaka 26, baba aliondoka ukiwa darasa la pili (P2) na hajawahi hata kupiga simu, na jina lake umechoka kulibeba. Umefikiria la bibi mzaa mama aliyekulea, ila kwa Kilugbara maana yake ni taabu na unaogopa litakuletea mikosi, ndo maana umeanza kutamani jina la Kiganda ulilosikia kwa rafiki zako wa Kampala.

Hilo la Kiganda achana nalo kabisa. Kwa Waganda majina mengi ni mali ya ukoo, ukijiita hivyo watu watakuhesabu mtu wa ukoo fulani, watakuuliza muziro wako, yaani mwiko wa ukoo wako, ni nini, na kijana wa ukoo huohuo akikupenda wazee wake watagoma maana hawaoani ndani ya ukoo, sasa utaanza kueleza wapi? Na ukichukua Nakato ati kwa sababu ni tamu, kila mtu atauliza pacha wako Babirye yuko wapi.

Chukua la bibi. Walugbara wana majina mengi ya hivyo, kina Candiru wamejaa hapo mjini, na siyo laana, jina linasema tu huyu alizaliwa nyumbani kukiwa na hali gani. Halafu wewe mwenyewe umeniandikia vile alikuwa anafungua fundo la kitenge mbele ya mhasibu wa shule, noti zimekunjamana zinanuka unga wa muhogo, anahesabu moja moja mpaka karo itimie. Mimi hapo nimelia. Hiyo taabu ndo imekusomesha mwanangu.

Wajomba nao waambie mapema, wasije wakadhani unatafuta shamba.

Makaratasi ni hivi: wakili akuandikie hati ya kubadili jina, uisajili, utoe tangazo kwenye Gazeti la Serikali, siku 7 zikipita ndo uende NIRA, ile mamlaka ya Uganda inayosajili watu na kutoa vitambulisho. Vyeti vya shule vya UNEB, baraza la mitihani, usitegemee vibadilike, kwa hiyo ile hati itolee kopi nyingi na kila intavyuu uende nayo.

Ila kabla hujampa wakili hata shilingi, mpelekee bibi sukari, kaa naye jikoni, umwombe jina lake kwa mdomo wako. Halafu niandikie amesema nini.

Shangazi