Kuhusu ule mwezi ulioniuliza

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mama yako nikamsomea. Unasema huko Birmingham misikiti miwili ya mtaa mmoja imesali Idi siku mbalimbali: mmoja umefuata hesabu za wataalamu wa falaki, mwingine umengoja mwezi uonekane kwa macho. Watoto wako wamekuuliza nani kakosea, nawe unaniuliza mimi, mwalimu wa hisabati niliyekulia msikitini, haki iko kwenye hesabu au kwenye macho.

Nitakujibu. Lakini kwanza ile Idi ya vitumbua vilivyochacha. Umeisikia kwa bibi yako mara nyingi. Yeye alikuwa akiiishia kwenye vitumbua kwa kunisitiri. Yaliyobaki hujayasikia.

Ilikuwa mwaka 1980, mwaka wangu wa pili wa kufundisha. Tarehe 16 Februari jua lilipatwa. Saa ya tukio nilikuwa nimeisikia redioni, nikawatangazia watu mapema. Ilipofika, mchana ukafifia, kuku wakaanza kurudi bandani, na chini ya mwembe wa shule vile vitone vya mwanga vinavyopenya majanini vikageuka hilali ndogondogo, mamia, mchangani. Watoto wakawa wanazirukia. Tangu siku hiyo wazee waliniita Mwalimu wa Jua, na jina hilo nililipenda mno.

Ramadhani ikaingia Julai. Jumatatu ya tarehe 11 Agosti ndiyo ishirini na tisa. Sisi tuliosimama ufukweni hatukuona kitu. Unajua kijiji chetu kinatazama mashariki, magharibi yote ni minazi. Baada ya sala ya Magharibi wakaja wavuvi wawili, mzee na shemeji yake, kanzu wamezivaa juu ya miguu yenye chumvi bado. Walikuwa nje ya mwamba, huko ambako bara yote unaiona mbele yako. Wakasema wameuona. Sheikh akawahoji mmoja mmoja: ulikuwa wapi, pembe zake zimeelekea wapi. Juu, kama mtumbwi, alisema kila mmoja. Kwa mwezi wa Shawwal, ule wa Idi, mashahidi wawili waadilifu wanatosha, na Sheikh alikuwa karibu kutamka. Nikasimama na daftari langu.

Jua likipatwa maana yake mwezi umepita kati yetu na jua, yaani ndio unazaliwa. Basi kuanzia saa tano na nusu ile ya Februari nilikuwa nimeongeza miezi sita, kila mmoja siku 29, saa 12 na dakika 44. Jawabu: mwezi umezaliwa leo hii saa kumi jioni. Mwezi wa saa mbili na nusu hauonekani kwa jicho la mtu. Nikayasema hayo, na ningekaa hapo ingekuwa afadhali. Nikaongeza: "Mzee, jua la baharini limekuharibu macho."

Watu wakacheka. Yeye hakujibu kitu. Sheikh akanyamaza kitambo, kisha akasema tukamilishe thelathini. Redio haikuwa na betri. Bibi yako alikwisha kusaga mchele, na unga ulikuwa umeumuka bakulini tayari kwa asubuhi.

Kesho yake tulifunga. Baadaye nikasikia kwamba yule mzee alikula nyumbani kwake, mlango umefungwa, kama fiqhi, yaani sheria ya dini, inavyomtaka mtu aliyeuona na ushahidi wake ukakataliwa, asiwatie wenzake fitina. Tarehe 13 akaja kusali Idi nasi. Safu ya nyuma yangu.

Miaka miwili ilipita. Nikiwa masomoni nikakuta kitabu chenye jedwali la kupatwa kwa jua, na macho yangu yakaangukia tarehe 10 Agosti 1980: Peru, Bolivia, Brazil. Nilikaa chini. Jua halipatwi ila mwezi unapozaliwa. Kwa saa zetu ilikuwa yapata saa nne usiku, tarehe 10. Basi jioni ile ya ishirini na tisa mwezi ulikuwa na umri wa saa ishirini. Zile dakika 44 zangu ni wastani tu. Njia ya mwezi si duara kamili. Ukiwa karibu na dunia hukimbia, ukiwa mbali hujikokota, hata mwandamo mmoja, yaani tangu kuzaliwa mwezi hadi kuzaliwa tena, ukawa siku 29 na saa 6 na mwingine siku 29 na saa 20. Miezi sita ile ilikuwa mifupi. Nilikosea kwa saa kumi na nane.

Neno langu unalijua: hesabu haikosei, anayekosea ni mwenye kuhesabu. Nimelisema darasani maisha yangu yote na ninalisema sasa. Ila jioni ile kujumlisha nilijumlisha sawasawa, rudia utaona. Kosa lilikuwa katika nilichodhani nakijua kabla sijashika kalamu. Je, neno langu linalibeba hilo, au ni la kujiosha? Nadhani linalibeba. Sina hakika.

Nilikwenda kumtaka radhi yule mzee. Nilimkuta anatengeneza wavu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema usiku ule hakulala, akijiuliza labda mwalimu kapatia na wao wameona utepe wa wingu. Kisha akaniomba nimwoneshe hesabu yenyewe. Tukachora mchangani kwa kijiti. Akaniuliza kwa nini mwezi ukikaribia dunia ukimbie. Sikuweza kumweleza vizuri.

Sasa swali lako. Macho nayo hukosea. Nimeona watu wazima wakiiona sayari ya Zuhura na kuapa kuwa ni mwezi. Siku hizi dakika ya kuzaliwa mwezi inajulikana, na anayesema ameuona kabla haijafika hakuuona. Hapo sitetereki. Lakini kuzaliwa si kuonekana. Kuna wingu, kuna vumbi, kuna kimo chake juu ya upeo, kuna jicho. Na kumbuka Kuraib alipofika Madina kutoka Sham, nchi ya Syria, akamwambia Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwamba kule waliuona usiku wa Ijumaa. Madina waliuona usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas akashika mwezi wa Madina, akasema ndivyo Mtume alivyotuamuru. Watu wa Sham hakuwaambia wamekosea.

Unataka nitaje msikiti. Ulimi unaniwasha, maana rai ninayo na mama yako anaijua. Lakini sikuwepo, na sijui nani alisimama wapi akatazama nini, wala nani alihesabu kuanzia wapi. Sitaji.

Waambie wajukuu zangu waende misikiti yote miwili wakawaulize wazee, kwa adabu, wamejuaje. Kisha waniandikie walichojibiwa, kwa mkono wao. Nitakingoja.

Baba yako