Glakoma ya pembe wazi: maswali yenu kuhusu presha ya jicho, matone na leza

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, hasa ile ya pembe wazi inayowapata wengi zaidi. Nimechagua sita na kuzifupisha.

Shikamoo daktari. Naona vizuri, jicho haliumi wala haliwashi, lakini vipimo vimeonyesha nina glakoma. Kweli mtu anaweza kuugua asijue?

Marahaba. Anaweza, tena kwa miaka mingi. Ndani ya jicho kuna majimaji yanayotengenezwa mfululizo (si machozi haya ya kulia), na hutoka kupitia kichujio kilichopo kwenye pembe, pale konea (kioo cha mbele ya jicho) inapokutana na duara lenye rangi. Katika glakoma hii pembe yenyewe iko wazi. Kichujio ndicho kinachopitisha majimaji kwa shida. Presha hupanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo, yenye nyuzi zaidi ya milioni moja, hupoteza nyuzi hizo kidogo kidogo. Usitarajie kuona doa jeusi. Jicho moja hufidia pengo la jingine, ubongo nao hujaziajazia, mpaka siku unagonga kwa kiwiko kikombe ambacho ungeapa hakikuwapo mezani. Uoni uliopotea haurudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. Hapo ndipo glakoma inapoachana na mtoto wa jicho.

Presha ya jicho langu ni 16 na nimeambiwa ni ya kawaida. Mbona bado naitwa mgonjwa?

Kwa watu wengi presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, lakini 21 si ukuta. Wapo wanaoharibika neva wakiwa chini yake, na wapo wanaokaa na 25 miaka nenda rudi bila madhara. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2002 ulifuatilia watu 1,636 wenye presha ya juu ambao neva zao zilikuwa bado nzima. Baada ya miaka 5, asilimia 9.5 ya wasiopewa dawa walikuwa wamepata glakoma, dhidi ya asilimia 4.4 ya waliotumia matone. Dawa ilisaidia, ndiyo, lakini tazama pia upande wa pili: zaidi ya 90 kati ya kila 100 wasiotibiwa hawakuugua katika muda huo. Halafu konea ikiwa nyembamba, kipimo husoma presha chini kuliko ilivyo. Ndiyo maana mimi siridhiki na namba peke yake. Neva itazamwe, na upeo wa kuona upimwe: kile kipimo cha kuegemeza kidevu, jicho moja limezibwa, unabonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga.

Nina shinikizo la damu. Ni kitu kimoja na presha ya macho?

Hapana. Vidonge vya shinikizo la damu havichukui nafasi ya matone. Mweleze tu daktari wa macho unachomeza.

Baba yetu alipofuka kwa glakoma. Sisi watoto je?

Pimweni wote, hata anayejiona mzima. Kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma huongeza hatari mara kadhaa. Jeni ya mayosilini ilihusishwa na ugonjwa huu mwaka 1997, lakini inaeleza wagonjwa wachache tu katika kila 100. Kwa waliobaki ni mchanganyiko wa jeni nyingi na umri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria watu milioni 64.3 wenye glakoma duniani, wa miaka 40 hadi 80, na kwamba watafika milioni 111.8 ifikapo 2040. Wenye asili ya Afrika ndio wanaoongoza kwa aina ya pembe wazi: Barbados, kisiwa cha Karibiani, ilikuwa takriban asilimia 7 ya watu weusi wa miaka 40 na kuendelea. Kwa familia yenu nisingesubiri hata hiyo 40.

Nimemaliza kichupa cha matone na sioni tofauti. Niendelee?

Endelea. Matone hayana shukrani: yakifanya kazi, hakuna unachokihisi. Utafiti wa Sweden wa wagonjwa 255 ulionyesha kwamba kila milimita moja ya presha iliyoshuka ilipunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa takriban asilimia 10. Vuta kope la chini, dondosha tone moja, fumba macho na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili, dawa isiteremke kooni. Kama una pumu na umeandikiwa timololi, moja ya matone ya glakoma, rudi kwa daktari leo. Inaweza kubana kifua vibaya. Latanoprosti, tone jingine, hurefusha nywele za kope na huweza kuligeuza jicho rangi.

Kama matone yanakushinda, uliza kuhusu leza inayochochea kichujio kufunguka. Mimi ningeiulizia mwanzoni kabisa. Uingereza, katika utafiti wa wagonjwa 718, robo tatu hivi ya walioanza na leza walikuwa hawahitaji matone baada ya miaka 3. Moshi, Tanzania, leza ililinganishwa na timololi, na matokeo yakatoka mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi 31. Nguvu yake hupungua na muda, lakini inaweza kurudiwa. Ikishindikana, upo upasuaji wa kuyafungulia majimaji njia mpya.

Bangi inatibu? Na haya matone ya mzio ninayojinunulia?

Bangi hushusha presha kwa saa 3 au 4 tu. Ungelazimika kulewa usiku na mchana. Matone ndiyo yanayonitia wasiwasi. Soma kichupa: ukikuta deksamethasoni au prednisoloni, hizo ni steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho), na kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache. Nenda nacho kwa daktari, upimwe presha kabla hujafungua kingine.