Jibu: Mfugaji aliyewageuka wafugaji wenzake, John Robertson

Mkuu, umeuliza ilikuwaje mwanasiasa mwenye mifugo yake mwenyewe awatungie wafugaji wakubwa sheria ya kuwabana. Robertson alizaliwa London 1816, akafika Sydney, Australia, akiwa mtoto, na kwa miaka mingi alifuga na kulima mashambani, mbali na pwani, huko New South Wales, koloni la Waingereza. Aliwajua wote wawili: bwana mwenye maelfu ya kondoo na mkulima mdogo anayelilia ekari chache.

Sheria zake za 1861 zilimruhusu mtu kuchagua ekari 40 hadi 320 za ardhi ya Serikali kabla haijapimwa, hata ile iliyokodishwa kwa wafugaji wakubwa, pauni 1 kwa ekari, akitanguliza robo ya bei, ila aishi hapo miaka mitatu. Baraza la juu la bunge lilikuwa limegoma kuzipitisha, wakateuliwa wajumbe wapya kulijaza, na baadhi ya wa zamani wakatoka nje kwa hasira. Sinema kamili!

Je, zilifanikiwa? Nusu nusu. Matajiri waliandikisha viwanja kwa majina ya vibarua na jamaa zao, wakawahi penye maji, na jirani akabaki na vumbi. Na Waaborijini, wenye ardhi hiyo tangu mwanzo, hakuna aliyewauliza. Kwangu hilo ndilo doa kubwa kuliko yote.

Pamoja na hayo aliongoza serikali mara tano, ingawa alizaliwa na kaakaa lililopasuka na usemi wake ulikuwa wa shida. Alifariki 1891. Hifadhi ya Taifa kusini mwa Sydney, ya 1879, pia ni kazi yake.