Chembe za moyo au seli za moyo?

SWALI: Mimi ni muuguzi, Lamu. Tumeandika kijikaratasi kuhusu moyo unaopiga bila mpangilio, tukasema: "Chembe za kinga huvamia chembe za moyo." Tulipokisoma kwa kina mama wa mtaa wa Langoni, mmoja alijigusa chini ya kidari akauliza, "Hapa?" Je, tumekosea?

JIBU: Mama huyo amesikia Kiswahili chake sawasawa. Chembe cha moyo ni pale penye kibonyeo, mfupa wa kidari unapoishia na tumbo kuanza. Hilo ni neno la ngeli ya ki-vi: chembe cha moyo chamuuma. Chembe yenye maana ya punje, kama ya mchanga au ya damu, iko katika ngeli ya i-zi. Kwenye karatasi kiambishi chatosha kuyatenga, lakini mtu mwenye wasiwasi na afya yake hasubiri kiambishi. Tena maumivu ya moyo wenyewe huweza kusikika papo hapo, kwa hiyo utata huu si mdogo. Andikeni "seli za moyo". "Chembe nyeupe za damu" haina utata, iacheni.

Kitenzi "huvamia" ndicho nisichokikubali kabisa. Avamiaye huingia kwa nguvu pasipo pake. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huishi hata ndani ya moyo wenye afya. Mwaka 2017, watafiti wa Boston walionyesha kwa panya kwamba seli hizo hushikana na zile zinazopitisha umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini, zikausaidia kupita. Zilipoondolewa, umeme ulikwama njiani. Basi hizo hukaa moyoni. Nyingine hutoka kwenye damu moyo unapodhurika, na zikizidi huchochea kovu katika vyumba vya juu, umeme ukakosa njia iliyonyooka na mapigo yakavurugika. Hizo huingia. Mgonjwa akiambiwa kinga yake imemvamia, ataiogopa, naye aihitaji.

Makrofaji, ingawa yaanza na ma-, ifuate seli: makrofaji hizi, si haya.

Mimi ningeandika hivi: "Seli za kinga hukaa ndani ya moyo na kuusaidia kupiga. Nyingine zikiingia kwa wingi kutoka kwenye damu, huweza kuleta kovu linalovuruga mapigo." Wasomeeni tena kina mama wa Langoni, mtazame mikono yao itaelekea wapi.