Kupanda Lushoto kwa baiskeli

SWALI: Kaka shikamoo. Kundi letu tunataka kulala Mombo, asubuhi tupande Lushoto na baiskeli tugeuze siku hiyohiyo, ila wengine wanauogopa ule mlima. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kilomita kama 33 tu lakini mnapanda karibu mita 1,000, kwa hiyo tokeni alfajiri, gia nyepesi wekeni mapema sio mpaka miguu ishakufa, kila mtu apande kwa pumzi yake na wa mbele wawasubiri wenzao pale Soni, kumwacha mtu peke yake mlimani hapana jamani. Mimi kinachonitisha zaidi ni kushuka: msikamate breki mfululizo, rimu inachemka tyubu inapasuka, kamateni mnaachia, na kwenye kona kaeni kushoto mmoja mmoja, mabasi yanapita pale.