Mama hataki kukatwa mguu, tusaini sisi?

SWALI: Shikamoo dada. Mama yetu ana miaka 64, ana sukari siku nyingi, sasa kidonda cha kidole kimeoza na weusi umepanda mpaka unyayoni. Tumemtoa Tukuyu tukamleta Mbeya mjini, daktari kasema mguu ukatwe chini ya goti. Mama kagoma. Akili zake ziko sawa kabisa, hata hela ya maziwa anayomdai jirani anaikumbuka mpaka mia ya mwisho. Kaka zangu wamekaa kikao, wanataka wasaini wao ile fomu halafu mama aambiwe anaenda kusafishwa kidonda tu. Roho inanisuta. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msimdanganye, nakuomba sana. Mtu mzima mwenye akili timamu anasaini mwenyewe, kikao cha ukoo hakiwezi kuridhia kwa niaba yake hata kama kina nia njema. Kule New York mwaka 1914 mahakama iliamua kesi ya mama mmoja aliyekubali kuchunguzwa tu akiwa kwenye usingizi wa dawa, akaamka kumbe uvimbe umeshatolewa, na jaji akasema wazi kwamba mtu mzima mwenye akili zake ndiye mwenye uamuzi juu ya mwili wake. Hebu mfikirie mama yako anaamka, anapapasa blanketi pale mguu ulipokuwa, halafu anawatazama nyie.

Lakini kumheshimu siyo kumwacha na hapana yake mkaondoka. Mmemuuliza anaogopa nini? Huko kwenu ni milima na tope, labda anawaza atafikaje migombani, nani atamchotea maji, au kuna mtu alimuona akakatwa na hakurudi nyumbani, sasa hayo hayatoki mbele ya watoto sita wanaopiga kelele. Mwombe daktari akae naye kitandani, na kama Kiswahili cha hospitali kinampita atafutwe nesi anayejua Kinyakyusa (siyo nyie, nyie mtatafsiri mnachokitaka). Aambiwe ukweli wote, kwamba uozo ukiingia kwenye damu unaua, na kwamba goti likibaki kutembea na mguu wa bandia kunakuwa rahisi zaidi. Halafu aeleze kwa maneno yake mwenyewe itakuwaje akikatwa na itakuwaje asipokatwa, hapo ndo mtajua kaelewa.

Na fanyeni leo, maana sumu ikisambaa anaweza kuanza kuweweseka, na hapo ndo daktari atawageukia nyie, kwa hiyo muulizeni mama mapema akifika hali hiyo anataka nini na nani amsemee.

Akielewa yote na bado akasema hapana, inauma lakini ni hapana yake, asifokewe wala asinyimwe huduma, ana haki ya kusafishwa kidonda na kupewa dawa za maumivu, na akibadili mawazo usiku wa manane apokelewe. Kaka zako waonyeshe barua hii kabla hawajashika kalamu.