Karakara Hufa kwa Jembe la Stroberi

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Ni matunda gani yanayopatana katika bustani ndogo ya nyumbani?" Wengi watawaletea majina. Majina hayasaidii mpaka ujue maji yatamwagwa wapi na jembe litapita wapi, kwa hiyo nitajibu hilo. Na niseme mapema kwamba siupendi mchanganyo wa kila kitu wanaousifu wauza miche wa kando ya barabara: unanunua mmoja mmoja wa kila aina, ukifika nyumbani unapachika popote palipo wazi.

Kuna ploti moja upande wa Limuru, kwenye baridi, futi 50 kwa 100, nusu yake bustani. Mwenyewe alipanda parachichi mbili za aina ya Hass katikati, karakara (pasheni) za zambarau kwenye waya wa ua, matunda damu (nyanya za mti) machache, kisha stroberi kila palipobaki pengo. Mwaka wa kwanza wapita njia walikuwa wakisimama kuitazama. Masika ya mwaka wa pili mkarakara mmoja ukanyauka, majani yakining'inia ilhali udongo umelowa. Ukilichana shina lake karibu na ardhi unakuta ndani pamegeuka kahawia. Huo ni mnyauko wa fusari. Kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya mmea ulioingiwa.

Uliingiaje? Stroberi zilipandwa shubiri moja tu kutoka shina la karakara. Mizizi mingi ya karakara iko juu juu, kwa hiyo kila palizi jembe liliikatakata, na kila jeraha likawa mlango. Tena stroberi zilimwagiwa maji kila jioni kwa mpira, basi mguu wa karakara haukupata kukauka hata siku moja. Msimu haukwisha ua ukabaki waya.

Parachichi zikafuata polepole: majani madogo ya rangi ya kufifia, matawi yakikauka kuanzia ncha. Ukifukua, mizizi myembamba ni myeusi na inakatika ovyo. Hiyo ni fitoftora, ugonjwa wa kuozesha mizizi, na maji yanayotuama ndiyo yanayoistawisha. Stroberi zilikuwa zimepandwa ndani ya beseni la parachichi lenyewe, yaani kishimo cha maji kinachozunguka shina, na matandazo yamerundikwa mpaka yanagusa shina.

Ukarabati wake ndio unaofaa kuigwa. Stroberi zilihamishiwa upande unaopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, kwenye matuta ya upana wa mita moja na kimo cha sentimita 25, mche hadi mche sentimita 30. Moyo wa mche ulikaa sawasawa na uso wa udongo, kwa sababu ukizama huoza, ukining'inia mizizi hukauka. Chini yakatandazwa majani makavu ili tunda lisilale kwenye tope, na mpira ukaachwa, yakawekwa mabomba ya matone. Karakara mpya zilipandwa mahali pengine kabisa. Zilikuwa miche iliyopandikizwa juu ya shina la karakara ya njano, ambayo huuhimili mnyauko, na kiungo cha upandikizaji kiliachwa juu sana ya udongo. Mita moja kuzunguka shina haikupandwa kitu. Magugu hung'olewa kwa mkono au hufyekwa.

Matunda damu yaliachwa yalipo, yakafungwa kwenye vigingi maana matawi yake ni mepesi kuvunjika na mizizi haiendi chini. Yakizeeka, mahali pake pasifuatishwe stroberi. Matunda damu ni ukoo mmoja na nyanya na viazi, na ukoo huo huacha udongoni mnyauko wa vertisilio, kuvu mwingine, ambao stroberi haiuwezi. Ngoja miaka mitatu, minne.

Nilianza nikiupinga mchanganyo, lakini ploti hiyohiyo inanirudisha nyuma kidogo. Parachichi ya kupandikizwa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vizuri, na ukiipa nafasi ya mita 6 au 7, katikati kuna jua la bure muda wote huo. Stroberi huanza kutoa baada ya miezi michache na huchoka ndani ya miaka miwili, mitatu. Zinaondoka kivuli kikija. Basi changanyeni, mradi stroberi ikae nje ya duara la mita moja na nusu kutoka shina, na tuta literemshe maji mbali na mti. Karakara peke yake sijaitafutia mwenzi, na sidhani nitaitafutia.

Bluberi ni habari nyingine. Huko Limuru kwenye mashamba ya majani chai udongo una uchachu inaoutaka, pH 4.5 hadi 5.5, lakini ukishamwaga chokaa kwa ajili ya parachichi umeiua. Iwekeni kwenye ndoo kubwa yenye matundu.

Na walio kwenye joto, Thika kushuka chini, wasifuate haya bila kufikiria inzi wa matunda. Yule wa kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na bustani yenye mapera, maembe na machungwa yanayoiva kwa zamu humlisha mwaka mzima. Huko mchanganyo ningeukubali kwa mwenye bidii ya kuokota kila tunda lililoanguka, kulitia kwenye mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa vizuri, na kuuanika juani wiki moja au mbili hadi mabuu yafe.